Historia ya Sumukuvu na Jinsi Tunavyoitaja

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hii humfaa mwenye kuweka fedha, elimu au fadhila. Mkulima aliyeweka mahindi ghalani, hata hivyo, anajua kwamba akiba yake yeye huoza, na wakati mwingine huharibika pasipo dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya sumu zinazotokana na kuvu katika nafaka, karanga na vyakula vya mifugo, kisha kuangalia jinsi lugha yetu ilivyozipokea sumu hizo na kuzipa majina. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Onyo likiandikwa kwa maneno yasiyokaa sawa halimfikii anayelihitaji, na katika jambo hili anayelihitaji ni mtu mwenye chungu jikoni na ng'ombe zizini.

Ugonjwa usiokuwa na jina

Madhara ya kuvu ni ya kale kuliko elimu yake. Katika Ulaya ya zama za kati palikuwa na maradhi yaliyokausha na kuozesha mikono na miguu ya watu, yakiandamana na maumivu makali mfano wa kuungua. Watu waliyaita moto wa Mtakatifu Antoni. Baada ya karne nyingi ilibainika kwamba chanzo chake kilikuwa kuvu iliyoota katika masuke ya nafaka moja ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Kwa muda wote huo ugonjwa ulikuwa na jina, lakini jina lenyewe halikumwelekeza mtu kwenye mkate aliokuwa akiula.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena katika mwaka 1960 huko Uingereza. Katika muda wa miezi michache batamzinga zaidi ya 100,000, wengi wao wakiwa vifaranga, walikufa. Baadaye bata nao walianza kufa. Waganga wa mifugo hawakupata kijidudu chochote cha maradhi, wala ugonjwa haukuambukizwa kutoka kwa ndege mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa hawakuujua, waliuita ugonjwa X wa batamzinga, yaani waliupa herufi ambayo katika hesabu husimama mahali pa kisichojulikana. Hatimaye uchunguzi uliongoza kwenye chakula cha ndege hao, na hasa kwenye mashudu ya karanga yaliyokuwa yameagizwa kutoka Brazili.

Sehemu inayofuata ya kisa hiki yatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Katika mwaka 1961 wachunguzi wa Uingereza walichunguza karanga zenye sumu kali zilizotoka Uganda, na kutoka katika karanga hizo wakaitenga kuvu iitwayo kitaalamu Aspergillus flavus. Walipoiotesha kuvu hiyo peke yake waliona kwamba ndiyo iliyotengeneza sumu. Kwa hiyo karanga za kwetu zilikuwa miongoni mwa mashahidi wa mwanzo kabisa wa elimu hii, ingawa elimu yenyewe ilichukua miaka mingi kuwarudia waliozilima.

Jina lilivyoshonwa

Msomaji wa jarida hili bila shaka atapenda kujua jina la kigeni lilivyoundwa, kwani lina mafunzo kwa waundaji wa istilahi. Jina la ukoo, Aspergillus, lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Florence huko Italia. Alipoitazama kuvu hiyo kwa hadubini aliona kichwa chake kinafanana na kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani, ambacho kwa Kilatini huitwa aspergillum. Neno flavus, nalo pia la Kilatini, maana yake ni manjano. Sumu ilipotengwa, wataalamu walichukua herufi a ya neno la kwanza na silabi fla ya neno la pili, wakaongeza neno la kigeni lenye maana ya sumu. Ndipo likapatikana jina aflatoksini, lililoanza kutumika mwaka 1962.

Ilionekana mapema kwamba aflatoksini si moja. Zikiangaziwa kwa mwanga wa urujuanimno nyingine hung'aa rangi ya buluu na nyingine ya kijani. Basi ziliitwa B na G, kutokana na herufi za mwanzo za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza, na kila kundi likapewa nambari: B1, B2, G1 na G2. Baadaye iligunduliwa kwamba ng'ombe akila chakula chenye B1, sehemu ndogo ya sumu hiyo, kwa kadiri ya asilimia 1 hadi 2, hugeuzwa mwilini mwake na kutoka katika maziwa. Sumu hiyo iliitwa M1, kwa herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya maziwa. Kwa bahati njema Kiswahili nacho hulianza neno hilo kwa herufi iyo hiyo, na mwalimu hana haja ya kutafuta njia nyingine ya kuwakumbusha wanafunzi wake.

Ugunduzi wa M1 ulibadilisha jinsi watu walivyotazama chakula cha mifugo. Hapo awali mahindi yaliyokataliwa na mlaji yalionekana kuwa halali kwa ng'ombe na kuku. Sasa ilidhihirika kwamba kinachopelekwa zizini chaweza kurudi mezani ndani ya kikombe cha mtoto.

Msiba nyumbani

Uchunguzi wa Afrika Mashariki haukukawia. Katika mwaka 1973 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Murang'a, Kenya, yaliyoonyesha kwamba mahali ambapo watu walikula aflatoksini nyingi zaidi ndipo saratani ya ini ilipokuwa nyingi zaidi. Mwaka uliofuata, huko India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mbwa waliokula mabaki ya chakula hicho waliugua vilevile. Mwezi Septemba 1977 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa kuhusu sumu za kuvu, ulioitishwa na mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa: la chakula na kilimo, la afya, na la mazingira. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo ushahidi wa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu umetosha.

Wakati huohuo mauti ya ghafla yalikuwa yamekwisha kuonekana kwetu. Mwaka 1981, katika eneo la Makueni ambalo wakati ule lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walipokewa hospitali wakiwa na homa ya manjano ya macho na ini lililodhurika. Kati yao 12 walikufa. Mwaka 2004 balaa lilirudi katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa ukubwa usiopata kuonekana. Waliougua na kuhesabiwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalikuwa na sumu mikrogramu 4,400 katika kilo moja, hali kikomo cha Kenya wakati ule kilikuwa 20. Yaani kikomo kilikuwa kimepitwa mara 220. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata ugonjwa na zile zilizosalimika, waliona kwamba waliougua aghalabu walikuwa wamehifadhi mahindi yakiwa na unyevu, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya kuyaweka ghalani.

Tanzania nayo ilifikwa mwaka 2016. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa. Walitapika, matumbo yalivimba, macho yakawa manjano. Mwanzoni ugonjwa huo ulitajwa kuwa ni ugonjwa usiojulikana, kama ulivyotajwa ule wa batamzinga miaka 56 kabla yake. Baadaye vipimo vya damu na vya mahindi vilithibitisha kwamba ni aflatoksini. Sumu iliyokuwa na jina maabara tangu 1962 ilikuwa bado haina jina penye kitanda cha mgonjwa.

Sumu ya kuvu au sumukuvu?

Hapa ndipo kazi ya lugha inapoanza. Siku hizi Tanzania hutumia neno sumukuvu, na mradi wa Serikali ulioanza mwaka 2019 kupambana na jambo hili hujulikana kwa Kiswahili kuwa ni mradi wa kudhibiti sumukuvu. Nchini Kenya aghalabu husemwa sumu ya aflatoksini, au aflatoksini peke yake. Yafaa kuyapima maneno haya.

Kwa muundo, sumukuvu ni nomino ambatani ya namna inayojulikana sana katika lugha yetu. Ni nomino mbili zilizounganishwa, ya kwanza ikiwa ndiyo kichwa na ya pili ikiieleza, na kiunganishi cha a-unganifu kimeachwa. Ndivyo tulivyopata garimoshi kutokana na gari la moshi. Batamzinga, aliyeifichua sumu yenyewe, naye jina lake limejengwa kwa nomino mbili zilizowekwa pamoja. Kwa hiyo neno hili halikulazimishwa. Mtu asiyepata kulisikia hulitambua kuwa ni la kwake.

Lakini ubora wake haukomei katika ufupi. Tuchukue maneno sumu ya nyoka na sumu ya panya. Muundo ni mmoja, lakini maana zinapingana: sumu ya nyoka ni ile itokayo kwa nyoka, na sumu ya panya ni ile ya kumwua panya. Je, sumu ya kuvu ni ipi? Ni ile itokayo katika kuvu, au ni dawa ya kuiua kuvu? Mkulima aliyezoea kununua dukani sumu ya panya na dawa ya ukungu ana haki ya kudhani kwamba sumu ya kuvu nayo huuzwa katika chupa. Mfasiri anayeandika kwamba mahindi haya yamepimwa na kuonekana kuwa na sumu ya kuvu, aweza kueleweka kuwa anasema yamepuliziwa dawa. Neno ambatani sumukuvu limeifunga njia hiyo, mradi wasomaji wafundishwe mara moja maana yake.

Liko jambo jingine. Neno sumu katika mazungumzo ya kila siku huja pamoja na mkono wa mtu. Tunasema kumtilia mtu sumu, kumlisha mtu sumu, kunyweshwa sumu. Watu wa nyumba moja wakiugua baada ya kula chungu kimoja, neno sumu peke yake huuliza nani kabla ya kuuliza nini. Neno kuvu likiambatanishwa hulijibu swali hilo papo hapo na kuzuia shutuma. Afisa wa afya anayepeleka habari kijijini asilidharau jambo hili.

Kuhusu neno kuvu lenyewe, lugha yetu ilikuwa na maneno kadha ya kuchagua. Ukungu ni neno la watu wengi zaidi, lakini ukungu ni pia ule mvuke wa asubuhi unaofunika milima. Koga hutajwa katika mkate na katika mtungi, lakini pia katika meno na mwili usiooshwa. Uyoga ni wa jamii hiyohiyo, ila huo ni kitoweo. Kuvu limebaki kuwa neno linalofaa sayansi, na ukungu liachwe liendelee kusema na watu majumbani.

Hata hivyo mfasiri ajihadhari asibadilishane ovyo ukungu na sumukuvu. Si kila ukungu una sumu, na si kila penye sumu paonekana ukungu. Punje zilizopanguswa zikang'aa zaweza kubaki na sumu yote iliyokwisha kuingia ndani. Anayeandika mahindi yenye ukungu mahali penye mahindi yenye sumukuvu amefanya makosa mawili kwa pamoja: amelaani mahindi yasiyo na hatia, na ameyapitisha yenye hatari. Vilevile kuchemsha na kupika kwa kawaida hakuiondoi aflatoksini. Msomaji anayedhani kwamba moto wa jiko husafisha kila kitu hana budi kuambiwa hivyo waziwazi.

Kitenzi kinachofaa

Nomino ikiwa imekaa sawa, kitenzi nacho kiangaliwe. Vijitabu vingine huandika kutokomeza sumukuvu, vingine kuondoa, vingine kuzuia. Sayansi hairuhusu ahadi ya kutokomeza. Kuvu hii huishi udongoni, na mimea iliyochoshwa na ukame au iliyotobolewa na wadudu huipa mlango ingali shambani. Neno kudhibiti ndilo lisemalo kweli: kukishika kitu kisivuke mpaka wake.

Kazi ya kudhibiti ina hatua, na kila hatua ina neno lake ambalo wakulima wanalo tayari. Shambani, kuna njia ya kutawanya aina za kuvu hiyohiyo zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu, ili zitangulie kukamata nafasi. Njia hii imekubaliwa Kenya na Tanzania. Baada ya kuvuna ni kuanika juu ya turubai au uchanja, mahindi yasigusane na udongo, mpaka unyevu ushuke usizidi asilimia 13.5. Hapa neno kavu huleta matata, kwa kuwa kavu ya mkulima hupimwa kwa jino na kavu ya maabara kwa mashine. Mabwana shamba hufundisha kipimo cha katikati: mahindi na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu na kutikiswa, na chumvi ikiganda katika kuta za chupa, mahindi bado. Kisha ni kuchambua na kutupa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, kwa sababu sumu haikai sawasawa katika gunia. Punje chache zaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote, na zikisagwa pamoja na nyingine unga wote umeharibika. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kukoboa nako hupunguza sumu, lakini hapo pumba iliyobaki huwa na sumu zaidi, na pumba ndiyo inayopelekwa kwa mifugo. Katika viwanda vya chakula cha mifugo huongezwa udongo maalumu, kama bentonaiti, unaoishika aflatoksini tumboni mwa mnyama isiingie damuni.

Jina moja au majina mengi?

Limebaki swali ambalo wafasiri wa sheria na viwango hawawezi kulikwepa. Kwa maana ya viungo vyake, sumukuvu ni sumu yoyote itokanayo na kuvu. Kwa mazoea ya Tanzania, sumukuvu mara nyingi ni aflatoksini. Mazoea haya yalikuwa hayana madhara wakati aflatoksini ilipokuwa ikitajwa peke yake. Lakini mwaka 1988 wataalamu wa Afrika Kusini walieleza sumu nyingine ya mahindi, fumonisini, itokanayo na kuvu ya ukoo wa Fusarium. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa kinazitaja zote mbili. Aflatoksini zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 katika kilo, na B1 peke yake isizidi 5. Fumonisini isizidi miligramu 2 katika kilo, ambazo ni mikrogramu 2,000. Tofauti ya vikomo hivyo ni mara 200. Mfasiri akiandika sumukuvu katika sentensi zote mbili, waraka wake utajipinga wenyewe, na mpimaji wa mpakani hatajua apime nini.

Jambo hili si la nadharia. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za kuvu, na baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tupate kujua udogo wa kiasi hicho: katika magunia 10 ya kilo 100 kila moja, ni miligramu 10 tu, uzito usiofikia punje moja ya mchele. Malori ya mahindi husimama au hupita kwa ajili ya uzito huo, na kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa katika cheti.

Rai yetu ni kwamba sumukuvu libaki kuwa jina la jumla la sumu hizi zote, kama viungo vyake vinavyosema, na chini yake yatumike majina mahususi: aflatoksini, fumonisini, okratoksini na mengineyo, yakiandikwa kwa tahajia moja katika nchi zetu zote. Katika sheria, viwango, vyeti na vitabu vya shule jina mahususi lisiachwe kamwe. Katika mabango ya kijijini, redioni na katika mafunzo ya wakulima sumukuvu peke yake latosha, kwa sababu analotakiwa mkulima kulifanya, yaani kukausha, kuchambua na kuhifadhi vizuri, ni lilelile kwa sumu zote. Hapo Mkenya na Mtanzania watakuwa wamepatana pasipo yeyote kuliacha neno lake: mmoja ataleta jina la jumla na mwingine jina mahususi.

Huenda wengine wakasema kwamba watu wameshazoea, na kwamba mazoea hayabadilishwi kwa makala. Ni kweli kwamba lugha ni ya wasemaji wake. Lakini cheti cha mpakani na kitabu cha mwanafunzi huandikwa na watu wachache, nao ndio wasomaji wa jarida hili. Wakikubaliana wao, neno litakaa. Na siku ugonjwa wa namna ile utakapotokea tena mahali fulani baada ya mavuno ya mvua, muuguzi wa zahanati awe na neno la kuliandika kwenye daftari lake siku ya kwanza, na jirani wa mgonjwa alielewe neno hilo na kwenda kuliangalia gunia lake.